Kabati la katoni au la seremala?

Kabati za jikoni zinazoingia kwa Kasindi ndani ya katoni zinavutia macho, na wengi wetu Butembo na Beni tunazinunua kwa pesa ya likelemba. Tuzijue kabla ya kulipa.

Mara nyingi ubao wake ni unga wa mti ulioshikwa na gundi. Ukilowa unavimba, haurudi tena. Basi liinue juu ya matofali, mbali na bidoni za maji. Fungua katoni mbele ya muuzaji, hesabu vipande na visi. Ukilifunga, usikaze visi kwa nguvu mpaka lote lisimame sawa. Kisha lishikishe ukutani, mtoto asilipande likamwangukia.

Jambo kubwa ni hili: ubao huo ukifunguliwa na kufungwa tena, matundu ya visi yanalegea. Tangu vita vya 2014 jamaa nyingi za Beni zimehama, nyingine zaidi ya mara moja. Anayeweza kuhama kesho amwagize seremala kabati la mbao nzima lenye buloni: linafunguliwa, linapakiwa kwenye chukudu, linafungwa upya. Tukiagiza kikundi kizima pamoja, bei itajadilika.