MBINU ZA UFUNDISHAJI: Elimu bila amali ni kama nta bila asali

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii hukaririwa na wanafunzi wengi nchini, ila wanaofundishwa kwa namna inayoizingatia si wengi.

Katika madarasa mengi, kipindi bado ni mwalimu kunena na kuandika ubaoni huku wanafunzi wakinakili. Hata katika Fizikia, Kemia na Biolojia, ambazo karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE ni ya vitendo, zipo shule ambako wanafunzi huanza kuzuru maabara kwa dhati wakiwa Kidato cha Nne, mtihani unapobisha hodi.

Zao la ufundishaji huo ni mtahiniwa anayeweza kutaja maana ya asidi neno kwa neno, lakini akikabidhiwa vimiminika viwili hajui jinsi ya kubaini kipi ni asidi na kipi ni alkali.

Tatizo hili si geni. Mnamo 1998, serikali ya Kenya ilishirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA) kuanzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliofahamika kama SMASSE. Mradi ulianza kwa majaribio katika wilaya chache kabla ya kuenezwa kote nchini kuanzia 2003. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, ndicho kilichorithi jukumu la kuwanoa walimu wa masomo hayo.

Msingi wa mafunzo hayo ni nguzo nne: somo liwe na shughuli, mwanafunzi awe kitovu cha somo, nadharia ithibitishwe kwa majaribio, na mwalimu abuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu naye. Aidha, mwalimu huhimizwa kupanga somo, kulifundisha, kulitathmini akisaidiwa na wenzake waliolitazama, kisha kuliboresha.

Nguzo ya ubunifu ndiyo yenye manufaa zaidi kwa shule maskini, kwa kuwa inaondoa kisingizio cha ukosefu wa maabara.

Chukua mfano wa asidi na alkali. Kabeji ya rangi ya zambarau hukatwakatwa, ikachemshwa na maji yake kuchujwa. Maji hayo yakitiwa ndimu hugeuka kuwa mekundu. Yakitiwa magadi hugeuka kuwa ya kijani. Kwa gharama ndogo, darasa zima limeona kwa macho jambo ambalo kitabu hulieleza kwa aya nzima.

Katika Hisabati, badala ya mwalimu kutangaza kuwa pai ni 3.14, wanafunzi wanaweza kuleta vifuniko vya mikebe, sufuria na ndoo. Kila kundi hupima mzingo kwa uzi, hupima kipenyo kwa rula, kisha hugawanya. Kifuniko kiwe kikubwa au kidogo, jibu huwa 3 na kijisehemu. Mwanafunzi aliyelivumbua hilo kwa mikono yake si rahisi kulisahau.

Kiswahili nacho hakijaachwa nyuma. Ngeli, ambazo huwakera wanafunzi wengi, hueleweka upesi wanapokusanya mwiko, kikombe, jiwe na ufunguo, wakavipanga katika makundi na kutunga sentensi kuvihusu. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyeigiza mnada wa ng'ombe huielewa lugha ya biashara kuliko aliyesomewa sifa zake.

Ithibati kwamba uhaba si kikwazo kisichoshindika ilitolewa na Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, Kaunti ya Nakuru. Licha ya shule hiyo kuwa na kompyuta moja tu, wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakakiwasilisha katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi ya 2018. Mwaka uliofuata, Tabichi alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani jijini Dubai, pamoja na dola milioni moja.

Hata hivyo, si haki kuwatwika walimu lawama zote. Elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mnamo 2003, madarasa yalifurika. Si rahisi kusimamia majaribio katika darasa la wanafunzi 70 kwa kipindi cha dakika 40. Isitoshe, mwalimu anayepimwa kwa alama za mtihani pekee huona ni heri akimbizane na silabasi.

Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, ulikusudiwa kutibu donda hilo kwa kutathmini anachoweza kutenda mwanafunzi. Lakini wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa, na baadhi yao huishia kuifanya wenyewe kazi waliyopewa watoto.

Malalamiko hayo yana funzo. Vitendo visivyoandamana na fikra ni mchezo tu. Mtoto anayeunda gari la maboksi bila kuulizwa kwa nini magurudumu yanazunguka hajajifunza zaidi ya yule aliyenakili ubaoni.

Kwa hivyo, kabla ya jaribio, mwalimu awatake wanafunzi wabashiri kitakachotokea. Baada ya jaribio, waeleze kwa nini ubashiri wao ulitimia au ulikosea. Hapo ndipo nadharia na vitendo hukutana.

Wakuu wa shule nao wana wajibu: kufungua maabara tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, kugawa madarasa makubwa katika makundi ya zamu, na kuwapa walimu fursa ya kutazamana wakifundisha. Hatua hizo hazihitaji majengo mapya. Zinahitaji ratiba iliyopangwa vyema na usimamizi ulio macho.