Mkiwa Bado Pamoja, Rekodini!

Kundi la muziki ni kama ndoa. Mnagombana kwa ajili ya hela, mnanuniana safari nzima ndani ya basi, halafu saa mbili usiku mnapanda jukwaani na kutabasamu kama vile hakuna kilichotokea. Sasa chukulia kuna mtu amewasha mashine ya kurekodi usiku huohuo. Kitakachosikika ni ninyi wenyewe, bila poda wala wanja!

Hiyo ndiyo albamu ya laivu. Wengi wetu tunaiona kama kitu cha ziada, cha bendi iliyoishiwa nyimbo. Mimi nasema hapana. Wakati mwingine ndiyo kumbukumbu pekee ya watu waliopendana.

Vijana wa Kisiwani

Jambo hili lilinijia nilipokwenda mapumziko Kisiwani, wilayani Same, kule ambako milima ya Upare inatazamana na hifadhi ya Mkomazi. Kuna vijana watano pale: magita mawili, kinanda, ngoma, na mwimbaji mwenye sauti ya kukutoa machozi. Wanapiga kwenye harusi na siku za gulio. Leo Kisiwani, kesho Maore, keshokutwa Ndungu, vyombo vikiwa juu ya magunia ya mchele.

Niliwakuta wamenuniana. Prodyuza mmoja wa mjini alikuwa amemwita mwimbaji aende peke yake, eti magita yatatengenezwa kwenye kompyuta.

“Kwa hiyo dada, kazi yetu sisi ni kumsindikiza stendi?” mpiga gita akaniuliza.

Swali gumu. Mwimbaji naye ana mama wa kumtunza, na nafasi haiji mara mbili. Nani amlaumu?

Ndugu wawili wa Tanga

Nikawasimulia habari za Simba Wanyika. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walianzia Tanga, kwenye Jamhuri Jazz. Kutoka hapo wakaenda Arusha, halafu Kenya, na mwaka 1971 Simba Wanyika ikazaliwa. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walijitoa na kuunda Les Wanyika, wale wa “Sina Makosa”. Kundi jingine lingekufa pale pale. Hawa ndugu walikaza.

Miaka ilipita, wakafika Ulaya kupiga muziki. Huko ndiko ilikotoka Pepea, albamu iliyotolewa Uholanzi mwaka 1992. Ni ya studio, haina kelele za watu, lakini ni muziki wa bendi iliyokomaa njiani: nyimbo zao za zamani zimepigwa upya, gita la Wilson na la George yakipokezana kama watu wanaomaliziana sentensi. Mwishoni mwa mwaka huohuo George akafariki. Wilson akafuata mwaka 1995.

Wangesema “tutarekodi mwakani”, mwakani yenyewe isingekuwepo.

Watu nao ni chombo

Jukwaani kuna kitu kingine tena: watu. Chukua “No Woman, No Cry” ya Bob Marley. Ilitoka kwanza kwenye albamu ya Natty Dread mwaka 1974, ikapita kimyakimya. Julai 1975 Marley na The Wailers wakaipiga ukumbi wa Lyceum, London, wakiwa ziarani, taratibu zaidi, na watu wakaanza kuimba kiitikio hata kabla yeye hajafungua mdomo. Wimbo unaoujua wewe, ule unaopigwa mpaka leo, ni ule wa usiku wa London.

Na usifute kitu. Mwaka 2011 Konono No. 1 na Kasai Allstars wa Kinshasa walizunguka na Deerhoof wa Marekani pamoja na wanamuziki wengine. Rekodi za ziara ile zilikuja kutoka kama albamu mwaka 2022. Miaka kumi na moja!

Studio siyo adui, jamani. Enzi zile bendi zetu zikiingia studio za RTD zilipiga wote kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia. Ubaya unaanza pale watu wanaporekodi sehemu zao bila hata kuonana.

Wale vijana walikubaliana jambo moja: kabla mwimbaji hajapanda basi, warekodi harusi ya Jumamosi. Nimeisikiliza. Kuna mahali gita limechelewa kuingia, na vigelegele vya shangazi wa bibi harusi vinamfunika kabisa mwimbaji. Halafu ukumbi mzima unamsaidia kumalizia ubeti. Nilirudia hapo mara tatu. Jumatatu akaondoka. Kama atarudi, sijui. Ila wote watano wana nakala.

Mnataka kujaribu? Fanyeni hivi

• Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, la sivyo mjomba atapiga katikati ya wimbo.

• Msiiweke mbele ya spika, sauti itapasuka. Iwe mbali kidogo, juu ya kitu kisichotikisika.

• Mkiweza, chukueni sauti mbili: moja kutoka kwenye mikisa, nyingine inayowaelekea watu. Mtazichanganya baadaye.

• Jaribuni kwanza dakika mbili, msikilize, ndipo muanze.

• Andikeni mapema nani katunga nini na hela mtagawanaje. Nyimbo zikiwa tayari, zisajilini COSOTA. Urafiki mwingi umekufa kwa kukosa karatasi moja.

• Kila mmoja apate nakala siku hiyohiyo.

Na wewe usiyejua hata kushika gita? Una bibi anayeimba akitwanga, una kwaya, una washikaji wa kijiweni. Wapo leo. Simu unayo mkononi. Unangoja nini?