Chumvi ya Kambini na Moyo wa Askari

Anayetaja maradhi ya moyo mjini Juba aghalabu hujibiwa kwamba hayo ni maradhi ya matajiri, na kwamba shida ya nchi hii ni kukosa chakula, si kukizidisha. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Mwaka 2017 baa la njaa lilitangazwa rasmi katika sehemu za Jimbo la Unity, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 7 wa Sudan Kusini walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Nusu ya pili ndiyo tunayokusudia kuieleza leo. Sisi tulio jeshini tuna sababu ya pekee ya kuieleza, kwa kuwa ushahidi mmojawapo ulio wazi katika Afrika ya Mashariki ulipatikana miongoni mwa askari.

Katika miaka ya 1960, mtaalamu A. G. Shaper wa Makerere, Kampala, pamoja na wenzake, waliwachunguza Wasamburu wa kaskazini ya Kenya. Hao ni wafugaji wa kuhamahama, na chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa. Msomaji aliyepata kufika katika kambi za ng'ombe za Wamundari wa Terekeka, kaskazini ya Juba, atayatambua maisha hayo. Shinikizo la damu la Wasamburu lilikuwa la chini, wala halikupanda kwa umri kama lipandavyo kwa watu wa Ulaya. Kisha wataalamu hao wakawatazama vijana wa kabila hilo waliojiunga na jeshi la Kenya. Vijana hao sasa walikula kila siku bila wasiwasi, wakatibiwa na kulala penye paa. Hata hivyo, kadiri miaka yao ya utumishi ilivyoongezeka, ndivyo shinikizo lao la damu lilivyopanda. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1969, na chumvi nyingi iliyokuwamo katika posho ya jeshi ilitajwa kuwa miongoni mwa visababishi.

Mambo kama hayo yalionekana tena kwa raia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria wakahamia Nairobi. Katika muda wa miezi michache tu shinikizo lao lilikuwa limewazidi wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi imezidi, na madini ya potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga na matunda, yamepungua. Hawakuwa matajiri hao. Walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kutafuta kazi.

Hapo zamani hospitali zetu hazikuwa na habari nyingi za moyo wa namna hii. Daktari Hugh Trowell, aliyetibu Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, alichapisha mwaka 1956 habari ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, na mgonjwa huyo mmoja alitosha kuwa habari. Yeye na mwenzake Denis Burkitt wa Mulago baadaye waliushikilia ukweli ambao bibi zetu waliujua kwa mikono: nafaka iliyosagwa pamoja na makapi yake si sawa na ile iliyokobolewa ikabaki nyeupe.

Leo jambo hili ni la dunia nzima. Hesabu iliyofanywa katika nchi 195 na kuchapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba vifo vipatavyo milioni 11 vya mwaka 2017 vilihusiana na ulaji mbaya, na vilivyo vingi kabisa vilitokana na moyo na mishipa ya damu. Yaliyoongoza katika lawama yalikuwa chumvi kuzidi, nafaka zisizokobolewa kukosekana, na matunda kuwa haba.

Chakula cha asili cha Juba kinasimama vizuri mbele ya hesabu hiyo. Asida ya mtama, bamia, mrenda, kunde, mchuzi wa karanga, ufuta, samaki wa Mto Nile: daktari wa moyo angekataa nini hapo? Lakini mji hula kile ambacho malori huleta kutoka Uganda kupitia Nimule, nacho ni unga mweupe, sukari, mafuta ya kukaangia na vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Na chai yetu, tuseme kweli, huwa na sukari ya kutosha watu watatu.

Wala njaa na moyo si mambo mawili yasiyojuana. Huko Uholanzi, watoto waliotungwa mimba wakati wa njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 walikuja kuonekana, wakiwa watu wazima, kuwa na maradhi ya moyo zaidi ya wengine. Watoto wa njaa ya 2017 wangali wadogo.

Tukiongea hivi kambini, huambiwa kwamba askari hutoka jasho, kwa hiyo anahitaji chumvi. Anayetembea mwendo mrefu juani, naam. Lakini karani wa ghala hatembei, na chungu chao ni kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho ni pamoja na ile iliyojificha katika vidonge. Mpishi akipewa kipimo anaweza kulitekeleza hilo kesho.

Unga ndio mgumu zaidi. Dona hubaki na kiini cha nafaka chenye mafuta, kwa hiyo huchacha upesi, ilhali sembe hukaa ghalani miezi mingi. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, huwezesha kuleta dona kidogo kidogo mwaka mzima. Vikosi vilivyo ng'ambo ya barabara za udongo, ambazo hufungwa na mvua, haviwezi kuletewa hivyo, na huko sembe itaendelea kuliwa mpaka mashine za kusaga ziwafuate askari walipo.