Yoga ya Patanjali na Utulivu wa Akili

Yoga Sutra, kitabu cha Kisanskriti kinachohusishwa na mwanazuoni Patanjali wa India, kina semi fupi zipatazo 195. Ni tatu tu kati ya hizo zinazoeleza mkao wa mwili, nazo hazimdai mtu ajikunje wala asimamie kichwa; zinataka aketi imara na kwa raha. Shabaha ya kitabu imetajwa mapema, katika usemi wa pili: kutuliza misukosuko ya akili.

Patanjali anataja vyanzo vitano vya taabu: kutoiona hali kama ilivyo, umimi, kuandama kilichowahi kupendeza, kuchukia kilichowahi kuumiza, na kung'ang'ania uhai. Hicho cha mwisho, anakiri, hata wenye hekima wanacho.

Njia yake ina hatua nane, na haianzii kwenye mkeka. Inaanza na mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia ashiki, kutojilimbikizia mali. Mpangilio huu una mantiki, kwani anayeishi kwa uongo hukesha akihofia kuumbuka, na pumzi ndefu hazitamwondolea hofu hiyo. Hufuata nidhamu ya nafsi, mkao, pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kukaza fikra, taamuli, na hatimaye kuzama kabisa.

Linalomfaa zaidi mtu mwenye shughuli zake ni usemi mmoja wa sura ya kwanza, ambao madarasa mengi ya mazoezi huuruka. Unashauri urafiki kwa mwenye raha, huruma kwa mwenye dhiki, furaha kwa mtenda mema, na utulivu mbele ya mtenda maovu. Jirani akijenga ghorofa, husuda humla mwenye nayo wala haipunguzi tofali hata moja. La nne ndilo gumu. Si kuridhia uovu wala kuacha kushtaki. Ni mtu kutokesha akimwaza aliyemkosea.

Taamuli yenyewe haina makuu. Mtu huketi na kuifuata pumzi ikiingia na kutoka. Fikra zikikimbilia madeni au kazi, huzirudisha bila kujilaumu, na kuzirudisha huko ndiko zoezi. Pumzi zikipunguzwa hadi kama sita kwa dakika, neva ya vagasi husaidia kutuliza mapigo ya moyo, hasa pumzi inapotoka.

Yoga ya viungo inayojulikana leo ilipata sura yake hasa karne ya 20 kwa walimu kama T. Krishnamacharya wa Mysore. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa, akichanganya taamuli ya Kibudha na yoga. Tafiti za baadaye zimeonyesha nafuu ya kiasi kwa wasiwasi na sonona.

Nafuu hiyo si badala ya matibabu. Kwa waliopitia ukatili au vita, ukimya huweza kuamsha kumbukumbu kali. Hao huanza kwa vipindi vifupi, macho wazi, wakiwa na mshauri aliyefunzwa, na dawa walizoandikiwa haziachwi bila idhini ya daktari.