Kutawadha Miguu: Unyenyekevu Unaodaiwa Kwanza kwa Aliye Juu

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kitenzi "kutawadha" humhusu zaidi Mwislamu anayejiosha viungo kabla ya swala, yaani mtu anayejitakasa mwenyewe ili asimame mbele ya Mungu. Wafasiri wa Biblia ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, walikitumia kitenzi hichohicho katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, lakini humo anayetawadha hajioshi, bali huosha miguu ya wengine. Katika tofauti hiyo ndogo ya kisarufi umo moyo wa mafundisho ya Kikristo kuhusu unyenyekevu.

Kwa mujibu wa Yohana, usiku wa kuamkia mateso yake Yesu aliinuka mezani, akaweka kando vazi la nje, akajifunga taulo kiunoni, akainama na bakuli la maji mbele ya mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Katika nchi ya njia za vumbi na viatu vya wazi, kazi hiyo ilimwangukia mtumwa, na ndiyo sababu Petro alikataa katakata, mpaka alipoambiwa kwamba asiyekubali kuoshwa hana fungu na Bwana wake. Kwa hiyo unyenyekevu una pande mbili, kutumikia na kukubali kutumikiwa, na kwa mtu mwenye kiburi upande wa pili huenda ukawa mgumu zaidi. Ikumbukwe pia kwamba Yesu hakukana cheo chake. Alithibitisha kuwa yeye ni Mwalimu na Bwana, kisha akakifanya cheo hicho kuwa sababu ya kuinama.

Makanisa yamelihifadhi tendo hili kwa namna mbalimbali. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, humwagiza abati, yaani mkuu wa monasteri, kuosha miguu ya wageni pamoja na jumuiya yake. Kwa Wakatoliki, Papa Pio XII aliruhusu mwaka 1955 ibada hiyo ifanyike ndani ya Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu. Waadventista Wasabato huiita huduma ya unyenyekevu, na kabla ya Meza ya Bwana waumini hukaa wawili wawili wakiwa na beseni na taulo, kila mmoja akaosha na kuoshwa, hivyo mwajiri akajikuta amepiga magoti mbele ya mfanyakazi wake.

Mwaka 2013, majuma machache baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko aliosha miguu ya vijana 12 katika gereza la watoto la Casal del Marmo mjini Roma, wakiwemo wasichana na Waislamu. Tarehe 11 Aprili 2019, akiwa na umri wa miaka 82, alipiga magoti kwa shida na kubusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, miongoni mwao Salva Kiir na Riek Machar, akiwasihi wadumu katika amani baada ya vita vilivyoanza Desemba 2013. Tendo hilo halikufuta uhasama wao, lakini lilionyesha ni nani anayepaswa kuanza kuinama.

Hapo ndipo mafundisho haya hupotoshwa mara nyingi, kwa kuwa unyenyekevu huhubiriwa kwa mke, kwa maskini na kwa kijana, ilhali Injili inaudai kwanza kwa mwenye mamlaka. Hata neno "shemasi", ambalo leo ni cheo cha kanisa, asili yake katika lugha ya Kisiria ni mtumishi, na sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inaeleza jinsi wanaume saba walivyochaguliwa kuhudumu kwa sababu wajane walisahauliwa katika mgawo wa chakula. Huduma ilianza na sahani ya mjane.

Yuda, aliyemsaliti Yesu, naye alikuwa bado mezani usiku ule, kwani Yohana anaeleza kutoka kwake baada ya miguu kuoshwa. Msaliti alitawadhwa kama wenzake. Basi Mkristo mwenye cheo, kanisani, ofisini au nyumbani, asitafute kwanza anayestahili kutumikiwa. Na achukue beseni.