Kiswahili ni Chetu, Lakini Vitabu ni vya Wanaoandika

Leo nitaanza kwa kujisema mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilimpelekea mchapishaji mmoja mswada wa hadithi. Nilikuwa nimeuandika kwa mkono, nikampa kijana wa saibakafe auchape, nikautuma bila kuusoma tena. Nilijiambia, mimi mtu wa Mombasa, nani wa kunisahihisha Kiswahili? Mswada ukarudi na barua fupi. Mhariri alisema lugha ni tamu, lakini mzee aliyezikwa ukurasa wa 12 ameonekana ukurasa wa 30 akila biriani harusini.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Huo ndio ugonjwa wetu wapwani. Kwa kuwa lugha twaizaliwa nayo, twadhani na kazi ya kuandika twaizaliwa nayo. Siyo. Mtoto wa mvuvi naye hufunzwa kushona wavu.

Kabla hatujalaumu Nairobi, tutazame wakubwa wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya, akishirikiana na W. E. Taylor, nayo yakaja kutolewa kitabu mwaka 1940, miaka mia moja baadaye. Kama hakuna aliyeshika kalamu, Muyaka angalikuwa jina tu. Naye Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya maandishi yake, akatunga gerezani kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Kazi hiyo ikawa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Sisi tuna simu mkononi na twasema hatuna nafasi.

Basi tufanyeje?

Kwanza, soma. Huwezi kuandika hadithi fupi nzuri ikiwa ya mwisho uliyosoma ilikuwa ya darasani.

Pili, ukimaliza kuandika, uweke mswada kando wiki mbili. Kisha usome kwa sauti. Sikio la mtu wetu ni kali. Sentensi iliyopinda utaisikia kabla hujaiona. Penye maneno matatu ya kusema jambo moja, bakisha moja.

Tatu, mpe mtu asiyekuogopa wala asiyekupenda kupita kiasi. Mama atakwambia mashaallah, na rafiki wa barazani atakwambia umeua. Mtafute mwalimu wa lugha atakayekuonyesha ulipokosea, na akikuonyesha, usibishane naye. Nenda karekebishe.

Nne, weka nakala zaidi ya moja. Jitumie mswada kwa baruapepe. Simu huanguka baharini.

Sasa uchapishaji. Wengi wetu twachanganya mchapishaji na mpiga chapa. Mchapishaji akikubali kazi yako, yeye ndiye hugharamia uhariri na uchapaji, nawe hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Mpiga chapa humlipa wewe, akakutolea nakala, na kuziuza ni juu yako. Njia zote mbili ni halali. Hatari ni yule ajiitaye mchapishaji kisha akutaka pesa kwanza. Muulize kwa maandishi utapata nini, na mkataba usiutie sahihi siku uliyopewa. Tazama hasa haki za kitabu zabaki kwa nani, na kwa muda gani.

Kabla ya kutuma, tazama mchapishaji hutoa vitabu vya aina gani. Anayetoa vitabu vya shule hana haja na diwani yako ya mapenzi. Fuata masharti yake kama alivyoyaandika, kisha ngoja. Majibu huchukua miezi, na kukataliwa si talaka.

Ukiamua kujichapishia, nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, na kazi yako waweza kuisajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Anza na nakala chache. Nakala mia zilizouzwa ni bora kuliko elfu zinazoliwa na mchwa chini ya kitanda.

Pia kuna mashindano. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tusiwaachie wengine uwanja kisha tukae barazani kuwakosoa fasaha yao.

Najua kuna nyumba, Lamu hadi Vanga, zenye daftari la marehemu babu au nyanya sandukuni, limejaa tenzi na dawa na nasaba. Karatasi hizo zaliwa na chumvi kila mwaka. Ikiwa huna lako la kuandika, anza na hilo. Lipige picha leo, ukurasa kwa ukurasa, kabla halijawa vumbi.

Mzee wangu wa biriani, kwa taarifa yenu, nimemzika tena. Safari hii amelala.