Kilo Sahihi, Mahindi Mabovu

Gunia moja la mahindi linaweza kupita vizuri kwenye mizani, likakataliwa maabara, na bado likahesabiwa kuwa mafanikio katika ripoti ya wilaya. Hakuna aliyedanganya. Gunia limeulizwa maswali matatu, nasi magazetini tumezoea kuyaita yote "viwango". Watu wa fani huyatenganisha: kipimo huuliza kuna kiasi gani; kiwango huuliza kama kiasi hicho kinakubalika; kigezo huuliza tutazame nini hasa tunapolinganisha.

Katika masoko ya Kigali maharage yameuzwa kwa muda mrefu kwa mironko, chombo ambacho huhesabiwa kubeba kama kilo moja na nusu. Ndugu zake wamejaa Afrika Mashariki: gorogoro kule Kenya, kibaba na pishi za pwani. Sina ugomvi na mironko, maana muuzaji na mnunuzi wanaiona wote wawili. Ila hupima ujazo, haipimi uzito. Jaza unga badala ya maharage na kilo zitapungua. Tena kile kilima kinachoachwa juu ya chombo hutegemea mkono wa anayepima na sura ya anayenunua.

Mizani haina upendeleo huo, mradi ihakikiwe. Huhakikiwa kwa mawe ya mizani, nayo mawe hulinganishwa na mengine bora zaidi katika maabara ya Bodi ya Viwango ya Rwanda, RSB, na mnyororo huo hupanda hivyo hivyo hadi ngazi ya kimataifa. Tangu 1889 kileleni palikuwa na kipande cha platini na iridiamu kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Baada ya karne hivi, kilipolinganishwa na nakala zake, zilionekana tofauti za mikrogramu 50 hivi. Na kwa kuwa kipande hicho ndicho kilichokuwa kilo kwa makubaliano, hakikuweza kushtakiwa kuwa kimepungua! Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kitu cha kushikika, bali namba ya Planck, ambayo ni thabiti katika fizikia. Muuza maharage wa Nyabugogo, jijini Kigali, hakuhisi lolote siku hiyo, na ndivyo wataalamu walivyokusudia.

Kipimo kikishakuwa sahihi, ndipo kazi ngumu inapoanza. Kiwango cha mahindi kinachotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Tuseme mfanyabiashara amenunua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Humo mna kilo 82 tu za mahindi makavu kabisa. Yakianikwa hadi asilimia 13.5 yatabaki kilo 94.8. Amelipia zaidi ya kilo tano za maji, na mizani haikumpunja hata gramu.

Maji hayo pia hulisha kuvu, na kuvu wa jamii ya Aspergillus ndio hutoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiishi kwa kupika ugali. Nchini Rwanda mahindi ya msimu A, unaoanza Septemba, huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na mvua za masika zinakuwa karibu kurudi, hivyo siku za kuanika ni chache. Sumu yenyewe haisambai sawasawa: gunzi moja bovu linaweza kuchafua gunia zima huku konzi uliyochota pembeni ikionekana safi. Ndiyo maana sampuli huchotwa sehemu nyingi, ikachanganywa na kusagwa kabla ya kupimwa. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mipakani. Mabishano yalikuwa makali, lakini wote walikuwa na ukomo uleule wa kurejea.

Kigezo, lile swali la tatu, ni jambo la uchaguzi. Tangu 2006 mameya wa wilaya za Rwanda wamekuwa wakisaini imihigo, yaani mikataba ya utendaji, mbele ya Rais, kisha wakitathminiwa. Chukua wilaya ya kufikirika inayojipima kwa tani za mahindi zilizovunwa kwa hekta. Unyevu utaisaidia, kwa sababu mahindi mabichi ni mazito, na hakuna atakayeona haja ya kununua turubai. Jirani yake anayejipima kwa tani zilizokubaliwa na kiwanda atalazimika kuzungumzia turubai, mabanda ya kukaushia na mashine za kupukuchulia tangu Septemba, mbegu zinapoingia ardhini.